Kati ya Kufunzwa na Kutumwa

Kuanzia mwezi wa Machi, katika miji ya Embu na Meru na kwenye vituo vya matatu vilivyo kati yake, Runyenjes, Chuka, Nkubu, vijana huulizana swali lisilo na yambwa: "Umepata?" Hakuna anayeuliza kupata nini. Mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Embu, wa Chuka, wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru kule Nchiru au wa KeMU anajua kinachotafutwa. Ni mahali pa kukaa miezi mitatu hivi, akitazama kazi inavyofanywa na kuigusa kwa mikono yake, kwa sababu chuo hakitamruhusu kuhitimu bila kufanya hivyo. Kitu chenyewe anakiita atachimenti. Dada yake aliyekwisha kuvaa joho, anayetafuta kitu kinachokaribiana nacho, anakiita intanishipu.

Sina ugomvi na maneno ya kukopa. Kiswahili kimekopa tangu enzi za majahazi na kimenenepa kwa hilo. Kinachonishughulisha ni kwamba maneno haya mawili yanachora mpaka ambao maneno yetu bado hayauchori. Aliye kwenye atachimenti bado ni wa chuo: mhadhiri atakuja kumkagua, daftari la kazi linajazwa kila siku na kutiwa sahihi na msimamizi, na mwishoni kuna alama. Nyuma yake iko Mamlaka ya Kitaifa ya Mafunzo ya Viwandani, NITA, na iko ada ya shilingi 50 ambayo sheria inamtaka mwajiri alipe kila mwezi kwa kila mfanyakazi ili mafunzo ya namna hii yawezekane. Aliye kwenye intanishipu ametoka chuoni na cheti anacho. Tume ya Utumishi wa Umma ikimchukua, humchukua kwa mwaka mmoja kisha humwachilia akatafute kwingine. Wa kwanza anadaiwa na chuo. Wa pili anaidai nchi. Fungua gazeti la Kiswahili, na wote wawili ni wanagenzi. Fungua ukurasa unaofuata, na wote wawili wako katika mafunzo ya nyanjani.

"Nyanjani" ni neno zuri likikaa mahali pake. Uwanja, nyanja, nyanjani: huko nje, peupe. Linamfaa mwanafunzi wa kilimo aliyepokelewa katika kituo cha utafiti cha KALRO pale Embu, anayeshinda kati ya mistari ya mahindi akiandika urefu wa mabua. Linamfaa mwanafunzi wa uhandisi aliyeshuka katika joto la Mbeere hadi kwenye mabwawa ya Mto Tana, Masinga, Kamburu, Gitaru, Kindaruma, Kiambere, ambako umeme umekuwa ukizalishwa tangu Kindaruma ilipoanza kazi mwaka 1968. Linamfaa pia, kwa kulinyoosha kidogo, aliye katika kiwanda cha chai cha Mungania au Rukuriri, au kile cha Kionyo upande wa Meru, anayekesha na majani mabichi yaliyoletwa jioni, akiyaona yakinyaushwa, yakikatwa, yakigeuka rangi, hadi pua yake ijue yenyewe saa ya kuyapeleka kwenye kikaushio. Hakuna mhadhara unaoweza kuifundisha pua. Lakini mwanafunzi wa uhasibu aliyekaa nyuma ya rafu za faili katika ofisi ya kaunti, dirisha moja, taa ya mchana kutwa, yeye yuko nyanja ipi?

Kwa hiyo mimi hurudi kwa "mwanagenzi". Ni neno kongwe, na kwa muda mrefu limekuwa la yeyote anayeanza kushika ufundi: mshona nguo, mchonga milango, mjenga mashua. Kuna heshima ndani yake, kwa sababu haliwezi kusimama peke yake. Palipo na mwanagenzi sharti pawe na fundi. Na neno "fundi" lenyewe ni ndugu wa "mwanafunzi". Yote mawili yanatoka katika shina la kufunda, kitenzi kile kile ambacho kungwi hukitumia kwa mwari. Fundi ni aliyefundwa mpaka akaweza. Mwanafunzi ni aliye njiani kuelekea huko. Katika gereji na karakana za jua kali karibu na Gakoromone mjini Meru, ukoo huu wa maneno unaishi bila kuhitaji kamusi. Kijana anayeshikilia spana anajua fundi wake ni nani, wazazi wake wanajua waliafikiana nini na fundi, na siku atakapoachiwa injini aifungue peke yake, kila mtu barazani ataiona.

Lugha za wenyeji zinaliona jambo hili kwa undani zaidi. Kiembu, kama jirani yake Kikuyu, kina kitenzi "ruta". Kuruta wira ni kufanya kazi. Kuruta mtu ni kumfunza. Kwiruta ni kujifunza. Kazi na mafunzo vimepewa mlango mmoja. Ukivuka Mto Thuci na kupanda kaskazini mpaka Imenti, kazi haiitwi tena wira, inaitwa ngugi, na aliyesoma anaitwa muthomi, neno ambalo familia nyingi za Meru zimewapa wana wao kuwa jina. Mzazi anayemwita mwanawe Muthomi anataja tumaini lake kila anapomwita aje kula. Ninapomwona kijana mwenye jina hilo amesimama kwenye lango la kiwanda na bahasha ya kaki, askari wa lango akimwambia arudi Jumatatu, nauma midomo.

Jambo la kutazama kwa makini zaidi ni kinachotokea baada ya lango kufunguliwa. Wengi huniambia: "Nilikuwa natumwa tu." Kutumwa chai, kutumwa fotokopi, kutumwa benki, kutumwa kumwangalia mtoto wa bosi aliyefungiwa shule. Sikiliza kitenzi hicho. Kutokana na "tuma" tumepata mtumwa, na tumepata mtume. Tumepata tume, na kupitia kutumika tumepata mtumishi na utumishi. Jina la Tume ya Utumishi wa Umma limebeba shina hilo mara mbili. Kwa hiyo kutumwa si aibu. Kinachoamua kama mtu ni mtume au mtumwa ni kama alipewa ujumbe. Mwanafunzi anayetumwa stoo na kuelezwa kwa nini kifaa hiki kinahitajika, kinafanya nini, kikikosekana nini hutokea, amefunzwa. Anayetumwa miezi mitatu bila neno moja la maelezo ameibiwa miezi mitatu, na daftari lake litajazwa uongo unaotiwa sahihi kila Ijumaa.

Malipo nayo yana msamiati wake, na humo ndimo maneno yamewaumiza watu waziwazi. Mshahara ni neno lililotoka katika mwezi wa Waarabu, shahr: ni haki inayokuja kila mwezi unapoandama. Posho ilikuwa chakula, kibaba cha unga cha kumwezesha mpagazi wa msafara afike kesho. Anayelipwa mshahara anatambuliwa kuwa amefanya kazi. Anayepewa posho anawezeshwa kuamka tena. Mwanafunzi wa atachimenti akipewa posho ya nauli na chakula, hilo ni sawa, na wengi hawapati hata hiyo. Lakini ukimwita mwalimu aliyehitimu na kusajiliwa "mwanagenzi", ukampa madarasa kamili ya shule ya sekondari ya msingi, kisha ukampa posho, hapo neno limefanya kazi ambayo hesabu isingethubutu kuifanya. Hilo ndilo walilolipinga walimu wa shule hizo za JSS. Mwezi Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba Tume ya Huduma za Walimu haina mamlaka ya kuwachukua kama wanagenzi walimu waliokwisha kufuzu. Mwezi uliofuata waliandamana. Januari 2025 walimu 46,000 wakaingizwa katika ajira ya kudumu.

Mwaka huo huo wa 2024 madaktari walikuwa wamegoma siku 56, kuanzia Machi 14 hadi Mei 8, na kiini cha mgogoro kilikuwa madaktari ambao magazeti yaliwaita wanagenzi. Mkataba wa 2017 ulikuwa umewapangia shilingi 206,400 kwa mwezi. Serikali ilitaka kuwapa 70,000. Watu wengi niliowasikia wakiubishania mgomo ule waliuliza kwa nini mwanafunzi adai fedha nyingi hivyo. Neno ndilo lililowapotosha. Daktari huyu amesoma miaka sita. Amehitimu. Katika hospitali kama ya Embu Level 5 au ya Rufaa ya Meru, usiku wa manane, ndiye unayemkuta wadini ukimleta mama mwenye uchungu wa uzazi. Anachokingoja ni kukamilisha mwaka wa kufanya kazi chini ya uangalizi ili apewe leseni kamili.

Kwa huyu, Tanzania wana neno ambalo Kenya tungefanya vema kulichukua: mtarajali. Wizara na hospitali za huko hulitumia kila siku, madaktari watarajali, mafunzo ya utarajali, na mwananchi wa kawaida hulielewa. Ndani yake nasikia "taraji". Ni mtu aliyekamilisha masomo, ambaye sisi tunamtarajia na yeye anatutarajia. Neno hilo halimrudishi darasani. Likitumika kwa daktari, kwa mhandisi na kwa mwanasheria aliyemaliza shahada, nalo "mwanagenzi" likabaki kwa aliye bado chuoni, mpaka ule unaochorwa na atachimenti na intanishipu tutakuwa nao kwa Kiswahili. Na mwalimu aliyesajiliwa aitwe mwalimu.

Kuna neno jingine ambalo wahitimu hujiita wenyewe wakiwa wamechoka: kibarua. "Nimepata kibarua tu." Kibarua ni barua ndogo. Katika karne ya 19, Unguja na Mombasa, aliyefanya kazi ya kutwa alipewa kikaratasi cha kuonyesha siku yake, na jina la kikaratasi likamhamia aliyekishika. Wengi wao walikuwa watumwa waliokodishwa, na sehemu ya ujira ilimwendea bwana. Leo kijana wa Mbeere au wa Igembe anaishi kwa karatasi vilevile: barua ya utambulisho kutoka chuoni, barua ya bima, barua ya maombi, barua ya kukubaliwa, na mwishoni, akibahatika, barua ya mapendekezo. Anaziwasilisha kwenye benki, kwenye ofisi ya kaunti, kwenye kiwanda cha maziwa cha Meru Central, kwenye hospitali. Zikigonga mwamba, anapanda matatu kwenda Nairobi, ambako kodi ya chumba na nauli zitamla kuliko shahada yenyewe.

Na mara nyingi barua zote hizo hushindwa na kiambishi kimoja. Kazi inadai kujua. Nafasi inadai kujuana. Mtoto ambaye mamake anachuma chai au anauza miraa Maua hana wa kujuana naye ndani ya ofisi, hata awe wa kwanza darasani. Huu ndio udhalimu mkubwa kuliko yote niliyoyataja, na mkurugenzi wa kiwanda au ofisa wa kaunti anaweza kuupunguza mwaka huu huu: abandike nafasi alizo nazo kwenye ubao wa nje, pamoja na tarehe ya mwisho na jina la fundi atakayemsimamia mwanafunzi.

Barua za kuomba nafasi hizo huandikwa kwa Kiingereza karibu zote, ingawa Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kimekifanya Kiswahili lugha rasmi, na ingawa wengi waliopita shule ya upili Kenya walifundishwa kuandika MINT: (mintarafu) juu ya barua rasmi. Ningependa kuiona moja juu ya meza ya meneja wa kiwanda kule Rukuriri, MINT: OMBI LA NAFASI YA UANAGENZI, na ndani yake mwanafunzi awe ameandika kazi anayotaka kufunzwa, ni nani angependa amfunze, na ni lini angependa kuachiwa aifanye peke yake.