Saa na Jua Letu: Historia ya Neno na Hesabu Yake

"Saa yangu ilisimama saa nne, nikakaa saa nzima nikidhani bado ni mapema." Neno moja limetajwa mara tatu katika sentensi hii, na kila mara lina maana yake. Saa ya kwanza ni chombo kinachovaliwa mkononi au kutundikwa ukutani. Ya pili ni mahali fulani katika siku, na ya tatu ni muda wa dakika 60. Mwingereza angehitaji maneno matatu tofauti hapo, naye, kama Mfaransa, angetenganisha hata saa ya ukutani na saa ya mkononi. Mswahili, kama Mwarabu na Mturuki, hutosheka na neno moja.

Pamoja na neno hilo tumerithi namna ya kuhesabu ambayo wageni huiona ya ajabu, na ambayo siku hizi hata baadhi yetu huiita ya kinyume: jua likichomoza ni saa kumi na mbili, na baada ya hapo ndipo huja saa moja. Historia ya neno saa inaonyesha kwamba hesabu hiyo ni kongwe kuliko ile inayodaiwa kuwa ya kawaida, na kwamba imedumu kwetu kwa sababu nzuri.

Siku kabla ya saa

Wenyeji wa pwani na bara walikuwa na lugha ya wakati kabla ya chombo chochote kufika. Vitenzi viwili vya Kibantu, kucha na kuchwa, viliigawa siku katika sehemu zake kuu, na mpaka leo tunasema usiku kucha na mchana kutwa. Kulikuwa na jogoo la kwanza na jogoo la pili, mafungulia ng'ombe wakati mifugo inapotolewa zizini, jua la utosi, na usiku wa manane. Uislamu ulipoenea pwani uliongeza nguzo tano za swala: alfajiri, adhuhuri, alasiri, magharibi na isha. Zote zilisomwa angani, kwa mwanga na urefu wa kivuli.

Magharibi ilikuwa na uzito wa pekee, kwani ndiyo iliyofungua siku mpya. Kwa wazee wa pwani usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa, na usemi wetu wa usiku wa kuamkia siku fulani unabeba wazo hilohilo. Usiku hutangulia, mchana hufuata, na kila kimoja kina hesabu yake.

Kitambo, kisha kipimo

Neno lenyewe tumelipata kutoka Kiarabu, sāʿa, lenye ndugu katika Kiaramu na Kiebrania. Katika sehemu za Kiaramu za kitabu cha Danieli, ndugu huyo ana maana ya kitambo kifupi, mara moja, papo hapo. Qurani nayo inalitumia kwa maana hiyo inaposema kwamba umma ukifikiwa na ajali yake, yaani muda wake wa mwisho, hauwezi kuichelewesha wala kuitanguliza hata kwa saa moja. Wakati huohuo inalipa neno maana nzito kuliko zote: Saa ni Kiyama, wakati ambao Mungu pekee anaujua. Anayesikiliza mawaidha msikitini akisikia habari za alama za Saa hafikirii dakika 60 hata kidogo.

Kitambo hicho kiligeuka kipimo kwa sababu ya urithi wa Misri. Wamisri wa kale waliugawa usiku mafungu 12 kwa kutazama makundi ya nyota yanavyochomoza moja baada ya jingine, na mchana nao wakaugawa 12. Pale jua na nyota visipoonekana, walitumia chombo cha maji yanayovuja polepole. Chombo cha namna hiyo cha zama za Farao Amenhotep III, karne ya 14 kabla ya Kristo, kilipatikana Karnak. Wagiriki na Warumi walifuata mgawanyo huohuo: saa 12 kutoka macheo hadi machweo, na nyingine 12 kutoka machweo hadi macheo.

Msomaji wa Kiswahili hukutana na Warumi hao kila afunguapo Injili. Marko anaeleza kwamba giza lilifunika nchi tangu saa sita mpaka saa tisa, na msomaji wetu anajua mara moja kwamba lilianza jua likiwa utosini. Katika Mathayo, vibarua wa mwisho wa shamba la mizabibu wanaajiriwa saa kumi na moja. Mtoto wa Kiswahili haelezwi kwamba jua lilikuwa karibu kuzama, maana saa kumi na moja yake ni hiyohiyo. Msomaji wa Biblia ya Kiingereza ya zamani, anayeikuta namba 11 hiyohiyo, hana budi kutafuta maelezo pembeni.

Ulaya imebakiwa na mabaki ya hesabu hiyo bila hesabu yenyewe. Usingizi wa mchana wa Wahispania, siesta, umepewa jina kutokana na saa ya sita ya Warumi. Noon, neno la Kiingereza la adhuhuri, lilianza kama saa ya tisa, wakati wa sala ya watawa, kisha sala ikawahishwa taratibu mpaka jina likatua katikati ya mchana.

Chombo chapata jina la kipimo

Katika miji ya Kiislamu ya zama za kati, kujua wakati kulikuwa sehemu ya ibada, na elimu yake iliheshimiwa. Ibn Jubayr, msafiri kutoka Andalusia, aliiona Damascus mwaka 1184 na kueleza saa kubwa ya maji iliyokuwa kwenye mlango wa Msikiti wa Umayya. Fundi aliyeijenga aliitwa al-Saati, yaani mtu wa saa, na mwanawe Ridwan aliandika kitabu kuhusu ujenzi na ukarabati wake. Mwaka 1206 al-Jazari alikamilisha kitabu chake cha mitambo, kikiwa na saa iliyojengwa kwa umbo la tembo. Misikiti mikubwa ilimwajiri muwaqqit, mtaalamu wa nyakati za swala. Mmoja wao, Ibn al-Shatir, alitengeneza saa ya jua ya msikiti huohuo wa Damascus katika karne ya 14. Kufikia hapo sāʿa ilikwisha kuwa kitambo, kipimo na chombo pamoja.

Lugha nyingine zilikipa chombo majina kwa njia zao. Clock ya Kiingereza imetokana na neno la Kilatini lenye maana ya kengele, kwa kuwa saa za kwanza za minara ya Ulaya zilisikika zaidi kuliko kuonekana. Kilingala kimefuata njia hiyo kivyake: ngonga ni kengele, na ngonga ni saa. Watch nayo ni neno la zamu ya ulinzi. Hapo tunaona undugu usiotarajiwa, kwa maana mabaharia Waarabu wa Bahari ya Hindi walipima safari kwa zam, kipande cha saa tatu, na zamu ya Kiswahili ni ukoo huo.

Mitambo ya Ulaya ilileta badiliko kubwa. Saa ya kale ilinyumbuka: mchana ukirefuka nayo ilirefuka, ukipungua ilipungua. Gurudumu la chuma haliwezi kunyumbuka hivyo. Kuanzia karne ya 14 saa za urefu sawa zikaenea Ulaya, zikihesabiwa sehemu nyingi kuanzia adhuhuri na katikati ya usiku, na uhusiano wa namba na macheo ukakatika. Waturuki walizipokea saa za mitambo lakini wakaendelea kuzirekebisha kila jua lilipotua, mishale ikiwekwa kwenye 12. Desturi hiyo iliondolewa kwa sheria mwaka 1925, wakati wa Mustafa Kemal.

Zanzibar

Bahari iliyoleta maneno ya biashara ilileta pia ya saa. Dakika, kwa Kiarabu, ni kitu kilichosagwa kikawa chembamba. Robo, nusu na kasoro vina asili hiyohiyo. Mshale wa saa wazee waliuita akrabu, jina la nge, na kuikaza saa iliyolegea kuliitwa kuitia ufunguo.

Chini ya Sultani Barghash bin Said, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, saa zilipanda minarani Unguja. Kanisa Kuu la Mkunazini, lililojengwa palipokuwa soko la watumwa, lina saa iliyotolewa na Sultani huyo Mwislamu. Jumba la Maajabu, Beit el-Ajaib, lilikamilika mwaka 1883 mbele ya Forodhani. Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walimpa Khalid bin Barghash, aliyekuwa amejitangaza sultani, hadi saa tatu kamili aondoke katika jumba la kifalme. Hakuondoka. Manowari zilianza kufyatua mizinga dakika chache baadaye, na vita vikaisha kabla saa nne haijafika. Mnara uliosimama mbele ya Jumba uliangamizwa. Mwaka uliofuata Jumba likakarabatiwa na kujengewa mnara wa saa kwenye uso wake. Vizazi vya wakazi wa Mji Mkongwe viliinua macho kwenye mnara huo, mpaka tarehe 25 Desemba 2020 ulipoporomoka pamoja na sehemu ya Jumba na kuua watu. Kuujenga upya ni deni letu kwa mji huo.

Kwa nini hesabu imedumu kwetu

Jibu liko angani. Mjini London mchana mrefu kuliko yote, wa Juni, hupita saa 16 na nusu, na mfupi kuliko yote, wa Desemba, haufiki saa 8. Ukiugawa mchana huo mafungu 12, fungu moja huwa na dakika 83 kiangazini na 39 tu wakati wa baridi. Mtambo wa chuma usingeweza kufuata hali hiyo, na macheo yanayohama saa kadhaa kwa mwaka hayafai kuwa mwanzo wa hesabu. Dar es Salaam, fungu hilo huwa kati ya dakika 59 na 63 mwaka mzima. Nairobi, iliyo karibu zaidi na Ikweta, mchana mrefu huuzidi mfupi kwa kama dakika 10 tu.

Kwetu, kwa hiyo, saa ya jua na saa ya chuma zilikubaliana. Mwarabu alikuja na hesabu ya saa 12 mbili, mtambo ukaja na saa za urefu sawa, na jua la Ikweta likazipatanisha. Mkulima akisema saa moja asubuhi anasema kwamba saa moja ya mwanga imekwisha kupita. Namba yake inampa habari ya siku yake. Saba ya Kizungu inampa umbali kutoka katikati ya usiku, wakati ambao yeye alikuwa amelala.

Ethiopia, iliyo na kalenda na maandishi yake, nayo huhesabu kutoka macheo, na kwa Kiamhari saa ni säʿat, neno la ukoo uleule. Kutoka pwani neno na hesabu vilipanda bara na misafara, kisha na reli. Waganda wana essaawa, na saa moja yao ni saa moja yetu. Kikuyu kina thaa. Kinyarwanda kina isaha, na katika kutaja saa kimechukua hata namba za Kiswahili: saa moya, saa mbiri, saa tatu.

Reli ilikuja na sharti lake. Treni haiwezi kufuata macheo ya kila kituo, na baada ya mkutano wa Washington wa 1884 dunia ilianza kupimwa kutoka Greenwich. Kenya ilitumia tofauti ya saa 2 na nusu, kisha saa 2 na robo tatu, kabla ya kutulia kwenye saa 3. Tanzania nzima hufuata saa hizo 3, ingawa nchi ni pana. Kwa wastani jua hufika utosini Dar es Salaam saa sita na dakika 23. Kigoma, ilikofika Reli ya Kati mwaka 1914, hufika utosini saa saba. Mkazi wa Kigoma anayeamka saa kumi na mbili gizani analipa gharama ya mpaka uliochorwa na ofisi. Hesabu ya Kiswahili haina lawama hapo.

Lugha inayoendelea kufikiri

Wazungumzaji bado wanalifanyia kazi neno hili. "Saa tano" huweza kuwa wakati, na huweza kuwa muda. Mtaani watu wametatua utata huo kwa kusema masaa matano wanapokusudia muda. Walimu hulikosoa neno masaa, na Kiswahili sanifu husema muda wa saa tano. Lakini umbo hilo halikuzuka kwa uvivu. Linatenganisha maana mbili ambazo Kiarabu kiliziacha katika neno moja, na linastahili kupimwa kwa haki katika kamusi zetu.

Linalonisikitisha ni jingine. Watoto wetu hujifunza saa mbili kwa wakati mmoja: shuleni huambiwa kwa Kiingereza ni seven, nyumbani kwa Kiswahili ni saa moja, na aghalabu hakuna anayewaeleza sababu. Wanachobaki nacho ni kanuni ya kuongeza au kupunguza sita, na wazo kwamba yetu ndiyo iliyogeuzwa. Simu zao nazo, hata zikiwekwa lugha ya Kiswahili, huonyesha namba zilizoanza kuhesabiwa katikati ya usiku.

Marekebisho yake hayana gharama kubwa. Somo moja la darasa la nne, lenye fimbo iliyosimikwa uwanjani, kivuli chake na ramani ya Ikweta, lingetosha kumwonyesha mtoto kwamba saa moja yake ina hoja. Watengenezaji wa programu za simu wangeweza kuongeza chaguo la saa za Kiswahili, kama wanavyotoa kalenda ya Kiislamu na ya Kiethiopia. Wafanyakazi wa uwanja wa ndege wataendelea kutumia saa 24 za dunia, nasi tutaendelea kuziheshimu kwa kazi yake. Nyumbani, sokoni, shambani na redioni tuna hesabu iliyopita Misri, Roma, Damascus na Unguja, na bado inalingana na jua linalotuangaza. Tuifundishe pamoja na sababu zake, na tuache kuiita ya kinyume.