Habari za Mahameli

  

Wazee wa jumuiya waliponitaka niandike jambo la historia, walidhani nitaandika majina ya walimu waliotutangulia. Hayo wako wengine wanaoyajua kuliko mimi. Mimi nimechagua kuandika habari za nguo, na sababu yake ni ugomvi.

Siku moja tulikuwa tumetoka kumzika mama mmoja wa hapa kwetu. Kijana mmoja aliyerudi kutoka masomoni alinifuata njiani akaniuliza, “Sheikh wangu, hili shuka la mahameli la kijani tunalofunikia jeneza, limetoka wapi katika dini?” Kabla sijafungua kinywa, mzee mmoja aliyekuwa nyuma yetu alimkaripia, akamwambia, “Wewe mtoto wa juzi, hata baba yako alifunikwa kwa shuka hili hili!” Maneno yakawa makali, na watu bado wana udongo wa kaburi mikononi. Mimi niliwatuliza, lakini nilipofika nyumbani nikaona kwamba kijana hakuuliza vibaya, na mzee naye hakuwa na jibu ila hasira. Basi nikaanza kuitafuta mahameli katika vitabu, na nilikuta mengi kuliko nilivyotazamia.

Kwanza jina lenyewe. Sisi twasema mahameli, na wengine husema bahameli. Wahindi na Waajemi husema makhmal, na asili yake ni Kiarabu, katika neno khaml, maana yake ni yale manyoya mafupi yaliyosimama juu ya uso wa kitambaa. Asilichanganye mtu na mahmal, kwa h nyepesi, ambacho ni kile kibanda cha fahari kilichowekwa juu ya ngamia na kupelekwa Makka kila mwaka pamoja na mahujaji wa Misri, tangu zama za Sultani Baybars hata mwaka 1926, ulipotokea ugomvi wa damu huko Mina baina ya askari wa Misri na watu wa Najd. Mimi mwenyewe katika utoto wangu nilidhani ngamia yule alivishwa mahameli tu, na mwalimu wangu alicheka sana.

Ufumaji wake ni wa hila. Nguo ya kawaida ina nyuzi za mtande na nyuzi za mshindio, basi. Mahameli ina mtande wa pili, ambao hupitishwa juu ya vijiti vyembamba ukafanya vitanzi vidogo vidogo, kisha vitanzi hukatwa kwa kisu, na ncha zake husimama kama majani machanga. Kwa hiyo hutumia nyuzi nyingi kuliko nguo nyingine, na zamani nyuzi hizo zilikuwa za hariri, ndiyo maana ikawa nguo ya wafalme. Mji wa Bursa katika nchi ya Waturuki ulisifika kwa mahameli za mito na matandiko. Katika Uajemi, zama za Shah Abbas aliyetawala tangu 1588 hata 1629, mafundi walifuma mahameli zenye sura za bustani. Wataliani wa Venice, Genoa na Florence nao walitajirika kwayo.

Wala asidhani mtu kwamba hila hiyo ilijulikana na watu wa mbali peke yao. Huko Kongo, katika nchi ya Kasai, Wakuba hufuma nguo ya nyuzi za mnazi wa mwitu uitwao rafia, kisha wanawake hupenyeza kwa sindano nyuzi nyororo na kuzikata moja moja, hata uso wa nguo huwa laini wenye mapambo ya pembe pembe. Wabelgiji walipoziona waliziita mahameli za Kasai. Nguo hizo hutumika katika sherehe na hasa katika mazishi, maiti huzikwa nazo ili ajulikane na wazee wake waliotangulia. Itikadi hiyo si yetu, lakini nimeitaja ili tujue kwamba hamu ya mwanadamu kumfunika maiti wake kwa kitu laini ni ya zamani na imeenea.

Sasa nije katika dini yetu. Kiarabu kina maneno mengine mawili ya jamaa hii: khamil, litokalo katika asili ile ile ya makhmal, na qatifa, ambayo katika Kiarabu cha leo ndiyo mahameli hasa, na Waturuki wameichukua wakasema kadife. Zama za Mtume (S.A.W.) qatifa ilikuwa nguo nzito yenye manyoya, aghalabu ya sufu, wala si hariri ya Wataliani, lakini jina ni hilo, na mguso ni wa namna moja.

Tazameni basi jina hili lilivyomfuata Mtume wetu. Imepokewa katika Bukhari kwamba alimpanda punda aliyetandikwa qatifa ya Fadak, akampakia Usama bin Zaid nyuma yake, wakaenda kumzuru Saad bin Ubada aliyekuwa mgonjwa. Imepokewa kutoka kwa Anas kwamba alihiji juu ya tandiko kuukuu na qatifa isiyotimia thamani ya dirham nne. Naye huyo huyo, tena katika Bukhari, aliomba maangamizo juu ya mtu aliyekuwa mtumwa wa dinari, na wa dirham, na wa qatifa. Yaani akipewa huridhika, na akinyimwa hukasirika. Nilipokutana na hadithi hizi nilikaa kitambo bila ya kugeuza ukurasa. Nguo ni moja: huku ni tandiko la safari ya kumtazama mgonjwa, na kule ni bwana mwenye kumtumikisha mtu.

Na Mtume alipofariki, mwaka wa 11 wa Hijra, imepokewa katika Muslim kutoka kwa Ibn Abbas kwamba kaburini mwake iliwekwa qatifa nyekundu. Aliyeitandika ni Shuqran, mtumwa aliyeachwa huru na Mtume, naye alifanya hivyo kwa kuchukia kwamba mtu mwingine aje kuivaa baada yake. Hapa kijana wetu angesema, “Basi na sisi tutandike.” La. Wanavyuoni wengi, na Imamu Shafii na wafuasi wake miongoni mwao, wamechukia kuweka nguo, mto au tandiko chini ya maiti ndani ya mwanandani, na wamesema kitendo cha Shuqran kilikuwa chake peke yake, masahaba wengine hawakukifuata. Wako waliosema kwamba ile qatifa iliondolewa kabla ya kufukiwa. Kwa hiyo shuka letu haliingii kaburini, wala halijapata kuingia.

Lakini juu ya jeneza, njiani? Hili ndilo lililokuwa swali, na jibu lake limenifurahisha, maana lina harufu ya Afrika. Bibi Fatima alipoozwa kwa Ali, baba yake alimpa vyombo vichache: khamil moja, kiriba cha maji, na mto wa ngozi uliojazwa majani ya idhkhir. Hiyo khamil ndiyo nguo yenye manyoya tuliyoitaja, na ndiyo karibu mali yote ya arusi ya binti wa Mtume. Alipokaribia kufa, miezi michache baada ya baba yake, alimlalamikia Asma bint Umais kwamba hapendi namna wanawake wanavyochukuliwa, shuka latupwa juu ya maiti na umbo lake laonekana na kila mtu. Asma alikuwa miongoni mwa waliohamia Habasha. Akamwambia kwamba aliona huko jambo zuri, akaagiza matawi mabichi ya mtende, akayapinda juu ya kitanda, akatandaza nguo juu yake, kama kibanda. Fatima alilipenda, akausia afanyiwe hivyo. Wako wasemao kwamba wa kwanza kufanyiwa hivyo alikuwa Zainab bint Jahsh. Ikiwa hivi au vile, Mashafii wamelipokea, wakasema ni sunna jeneza la mwanamke lifunikwe kwa kitu kinachomsitiri. Basi Waislamu walijifunza sitara hii kwa Wahabeshi, watu wa upande wetu huu wa dunia. Yule mama tuliyemzika siku ile alikuwa katika sunna, na mzee aliyekaripia alikuwa na haki, ingawa hakujua kwa nini.

Rangi ya kijani, sioni sharti lake. Na kama shuka lingekuwa la hariri tupu, tungekuwa na neno jingine, kwa kuwa hariri ni haramu kwa mwanamume mwenye kuivaa isipokuwa kiasi cha vidole vinne katika pindo, na iliyochanganywa huhukumiwa kwa uzito wa iliyozidi. Lakini mahameli ya madukani leo ni pamba, au zaidi ni nyuzi za viwandani zisizo na mdudu wa hariri ndani yake. Wenye kofia za mahameli na waswali salama.

Mahameli na nguo nyingine za fahari zilifikaje bara? Wafanyabiashara wa Unguja walichukua merikani kwa ajili ya biashara ya kila siku, nguo iliyozidi kuingia baada ya Seyyid Said kufanya mkataba na Marekani mwaka 1833. Lakini kwa wafalme walichukua majoho na vitambaa vizuri. Mwaka 1844 Ahmed bin Ibrahim alifika Buganda kwa Kabaka Suna, akamwambia kwamba yuko Mungu aliyeumba wote, hata wale aliowaua. Mwanawe Suna, Mutesa, alifunga Ramadhani tangu 1867, akajenga msikiti, akaacha nguo za magome ya mti akavaa za Kiarabu. Stanley alipomwona mwaka 1875 alikuwa katika tarbushi, joho jeusi na mshipi wa dhahabu. Mwaka uliofuata, 1876, Mutesa huyu mwenye joho aliwaua Waislamu vijana wapatao 70 huko Namugongo, kwa kuwa walikataa kula nyama iliyochinjwa na wachinjaji wake, na walikataa kuswali nyuma yake hali hajatahiriwa. Watu wengi wa Uganda wanapotaja Namugongo huwakumbuka mashahidi wa Kikristo wa miaka ya baadaye. Wetu walitangulia kwa miaka kumi, na ni haki yao kutajwa katika vitabu kama hiki.

Huku kwetu magharibi mambo yalikuja kwa njia nyingine. Mwaka 1891 Lugard alipita hapa, akajenga ngome penye ziwa la chumvi la Katwe akaiita Fort George, kisha akawaleta askari wa Kisudani wa Selim Bey, Waislamu pamoja na wake zao na watoto wao, akawaweka katika ngome za Toro. Hawakuwa na mahameli, walikuwa watu waliochakaa kwa miaka ya kutengwa. Lakini adhana yao ilisikika.

Baadaye ikaja pamba. Mbegu zililetwa Uganda mwaka 1903, na leo tambarare za Kasese hulima pamba, wakulima wakiuza kwa chama cha Nyakatonzi. Mvua za kwanza zinapopiga ardhi, watoto huokota katika mashamba vidudu vyekundu vidogo, laini kabisa, ambavyo ukivitazama wadhani vimekatwa katika kipande cha mahameli. Nimewaona nikasema, mwenye nguo hii hajapata kulipa fundi.

Jina hili limeingia hata katika siasa. Novemba 1989 watu wa Chekoslovakia walijaza barabara za Praha, na hadi mwisho wa Desemba serikali ilikuwa imeondoka karibu bila kumwaga damu, na Václav Havel amechaguliwa rais. Wakayaita Mapinduzi ya Mahameli. Nchi ile ilipogawanyika mara mbili, tarehe 1 Januari 1993, watu wakasema hata talaka yao ilikuwa ya mahameli. Sisi tuishio chini ya Rwenzori hatukubahatika hivyo. Tangu 1962, watu wa milimani walipotaka kujitenga na Toro, tuliona miaka ishirini ya mapigano. Yalipokwisha Agosti 1982, yalikwisha kwa mazungumzo, Amon Bazira akiwa mpatanishi, na Charles Wesley Mumbere akashuka kutoka milimani na watu wake wakaweka silaha. Siku ile twaweza kuiita ya mahameli, ijapokuwa hakuna aliyeiita hivyo. Mwaka 2009 ufalme ukatambuliwa. Novemba 2016 damu ikamwagika tena mjini Kasese, watu zaidi ya 100 wakafa, na majeneza yalikuwa mengi kuliko mashuka.

Yule kijana nilimwita nyumbani nikamsomea haya yote, kitabu kwa kitabu. Alisikiliza, akaniuliza juu ya hadithi ya Asma mara mbili, kisha akaenda kwa mzee akamwomba radhi. Mzee naye alikubali, lakini akasema shuka ni la kijani na litabaki la kijani.

Shuka lenyewe limechakaa pembe mbili, na panya wamelitoboa katikati. Jumuiya imeagiza vitambaa viwili kutoka Mpondwe vya kuchagua, kimoja cha bei kubwa chenye nakshi za dhahabu, na kimoja cha bei ndogo kisicho na kitu. Wenye mali wanataka cha kwanza, na wako tayari kukilipia. Mimi nimeweka mkono wangu juu ya cha pili, nikawasomea ile hadithi ya dirham nne, na baraza litaamua baada ya Idi, inshallah.