Njia ya Newala, kutoka kwa kirongozi hadi simu ya kiganjani

Toyota iliyotumika Japani ikishushwa bandarini Dar es Salaam huja na kioo kipana katikati ya dashibodi, kilichowekwa kumwongoza dereva. Mwenye gari akiwasha, kioo humsalimu kwa Kijapani, na ramani iliyomo ni ya Japani peke yake. Gari likifika Masasi, kioo hakina habari na Masasi. Vingine hugoma kabisa na kudai kadi ya kumbukumbu au namba ya siri, na mwisho wake ni kwa fundi redio, anayeking'oa na kuweka redio ya Android. Watanzania wengi walikutana hivyo kwa mara ya kwanza na chombo maalumu cha kuongoza gari: mashine ghali iliyokufa kabla ya kufika.

Wajapani ndio waliotangulia duniani kwa vyombo hivi. Mwaka 1981 Honda walitoa Electro Gyrocator, chombo kisichotegemea satelaiti yoyote. Kilipima gari linavyokata kona na umbali linaokwenda, huku dereva akipachika karatasi angavu yenye ramani juu ya kioo. Mwaka 1990 Mazda wakauza Eunos Cosmo, gari lililotoka kiwandani likiwa na GPS. Hayo yote yalikuwa kwa ajili ya barabara zilizokwisha kupimwa, kupewa majina na kuchorwa. Uwanda wa Makonde, kusini mwa Tanzania, una historia nyingine, na anayejiuliza leo anunue kifaa cha GPS cha garini au ategemee simu afadhali aanzie huko.

Kwa muda mrefu watu wa uwandani walipata faida kwa njia zao kutojulikana na wageni. Kichaka cha Makonde kilisongamana kiasi kwamba David Livingstone, alipopita ukanda huu mwaka 1866 akitokea Mikindani na ngamia wake, alilazimika kuwalipa Wamakonde wamfyekee njia. Mtu wa miguu alipenya; ngamia na mzigo hawakupenya. Kijiji kilichokaa ndani ya kichaka, mbali na njia kuu, hakikuwa rahisi kufikiwa na wawinda watumwa wala wavamizi kutoka magharibi. Mwaka 1882 Wamagwangwara, yaani Wangoni, walipoishambulia misheni ya Kianglikana ya UMCA iliyoanzishwa Masasi mwaka 1876 na Askofu Edward Steere, misheni ilihamia juu, Newala. Masasi ilikuwa kwenye tambarare wazi, chini ya miamba inayoonekana kutoka mbali. Newala ilikuwa ukingoni mwa uwanda, na asiyejua pa kupandia alikuwa na kazi.

Misafara ya enzi hizo ilikuwa na mtu wake wa njia, kirongozi, aliyetangulia mbele. Ramani yake ilikuwa kichwani, nayo ilikaa kwa mfuatano: mto fulani, kisha mlima fulani, kisha kambi yenye maji. Tunao ushahidi wa jinsi akili hiyo ilivyofanya kazi. Mwaka 1906 Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho kutoka Leipzig, alifika Lindi na kupanda hadi Masasi, Newala na Mahuta, Vita vya Majimaji vikiwa havijapoa. Katika safari hiyo aliwapa Waafrika penseli na karatasi wachore. Mmoja wao, aitwaye Sabatele, alimchorea barabara kuu ya misafara kutoka pwani kwenda bara, pamoja na vituo vyake: Dar es Salaam, Morogoro, Kilosa, Mpwapwa, na kuendelea. Weule aliichapa kitabuni mwake. Haina vipimo wala haijali kaskazini iko wapi, lakini msafiri anaweza kuifuata, kwa sababu kila kituo kinampeleka kwenye kinachofuata. Sauti ya simu inayomwambia dereva ageuke kulia baada ya mita mia mbili inafanya kazi kwa mantiki ya Sabatele.

Wajerumani wenyewe walikuwa wakishughulika na ramani ya aina nyingine. Ile ya koloni zima kwa kipimo cha 1:300,000, iliyochapwa Berlin, iliunganishwa kwa sehemu kubwa kutokana na daftari za wasafiri na maofisa: fulani alipita hapa, akapima, akauliza jina. Palipopita mtu pakajaa maandishi, na pasipopita mtu pakabaki peupe. Waingereza walikuja na ndege na picha za angani, na baada ya Vita Kuu ya Pili wakaanza kuandaa ramani za 1:50,000 ambazo Tanzania huru iliziendeleza. Hizo ndizo karatasi za mfululizo wa Y742, ambazo kila mpima ardhi mzee wa Mtwara amewahi kuzikunjua juu ya boneti ya Land Rover.

Tatizo ni kwamba karatasi haihami, na watu walihama. Vijiji vya ujamaa vya miaka ya 1970 viliwatoa watu kwenye vitongoji vyao vya kichakani na kuwapanga pamoja kando ya barabara. Jina likahama na watu, au likabaki kule kwenye mahame, au yote mawili. Mwenye karatasi iliyochorwa kabla ya hapo angeweza kufika penye jina asikute mtu. Na hata sasa majina ya Newala yanataka umakini. Wilaya ina kata za Mcholi I na Mcholi II, na kuna Mkoma II. Ukiandika Mcholi tupu kwenye simu, lawama ni zako.

GPS ilifika ukanda huu mikononi mwa watu wa kazi, siyo madereva. Satelaiti ya kwanza ya mfumo huo ilirushwa na jeshi la Marekani mwaka 1978, na mfumo ukatangazwa kukamilika mwaka 1995. Raia walipewa ishara iliyopotoshwa kwa makusudi, yenye kosa la hadi mita 100, mpaka Mei 2000 Rais Bill Clinton alipoamuru upotoshaji uondolewe. Kwa usiku mmoja kifaa kilekile kikawa sahihi mara kadhaa zaidi. Vifaa vya Garmin vinavyotumia betri za tochi vikawa chombo cha kawaida cha wapima ardhi, watu wa misitu na watu wa maji. Mwanzoni mwa muongo wa 2010 serikali ilipofanya zoezi la kuorodhesha vituo vya maji vijijini nchi nzima, kila bomba na kisima vilichukuliwa alama ya GPS. Uwandani, ambako maji hutoroka ardhini na kinamama walizoea kuyafuata bondeni, alama hizo zilikuwa na uzito zaidi kuliko alama za barabara.

Hapo pia palikuwa na mtego, na uliwanasa wengi. Ramani za Y742 zimejengwa juu ya msingi wa vipimo uitwao Arc 1960, wakati GPS inatumia WGS84. Anayesoma namba za kifaa chake na kuzipachika kwenye karatasi bila kubadili mpangilio hukosea kwa karibu mita 300. Huko Newala, penye ukingo wa Shimo la Mungu, mita 300 ni tofauti kati ya kusimama juu na kuwa chini bondeni.

Kifaa cha garini chenye sauti, kilichovuma Ulaya baada ya TomTom kutoa TomTom GO mwaka 2004, hakikuota mizizi hapa. Waliokuwa nacho walikuwa watalii na wafanyakazi wa miradi, mara nyingi kikiwa na ramani za Tracks4Africa, zilizokusanywa na wasafiri wenyewe kutoka kwenye nyayo za vifaa vyao. Kisha Oktoba 2009 Google wakatangaza uongozaji wa bure kwenye simu za Android, na hisa za Garmin na TomTom zikaporomoka siku ileile. Sisi tuliruka hatua, kama tulivyoruka simu ya waya.

Ajabu ni kwamba kifaa maalumu cha GPS kilichoenea kweli barabara ya Kusini hakimwongozi mtu. Ni kile cha kufuatilia mabasi, kinachosimamiwa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ambacho humweleza mdhibiti basi liko wapi na linakwenda kasi gani. Dereva wa basi la Newala hahitaji kuambiwa njia. Wanaohitaji kujua alipo ni wadhibiti.

Kwa mgeni mwenye gari dogo, yako mambo mawili ambayo wengi huyachanganya. Simu hupokea ishara ya satelaiti bure, bila bando na bila mnara. Kinachohitaji bando ni ramani yenyewe. Anayepakua eneo lote la Mtwara na Lindi akiwa bado kwenye mtandao mzuri, iwe kwa Google au kwa Organic Maps inayotumia data huru za OpenStreetMap, ataendelea kujiona alipo hata mtandao ukikatika. Tofauti ni kwamba bila msaada wa mtandao simu huchelewa kidogo kupata mahali ilipo mara ya kwanza, na ikiachwa juani kwenye dashibodi hupata joto na kujizima. Chaja ya gari na kishikizo kilicho mbali na kioo cha mbele vinatatua sehemu kubwa.

Muda wa kufika ni suala jingine. Programu hukadiria msongamano na kasi kwa kutumia simu za wanaopita. Penye simu chache zenye data, inakisia tu kwa hadhi ya barabara, na hadhi haisemi kama mvua ilinyesha jana. Barabara ya Mtwara, Tandahimba, Newala hadi Masasi, kilomita 210, imekuwa ikijengwa kwa lami kwa vipande, kile cha kwanza kikiishia Mnivata. Penye ujenzi pana michepuko, na mchepuko wa wiki hii haumo kwenye ramani yoyote. Muulize dereva wa lori la korosho.

Hukumu yangu ni hii: anayetoka Dar es Salaam kwenda Masasi au Newala kwa gari lake asinunue kifaa cha garini. Simu yenye ramani iliyopakuliwa inamtosha, na fedha iliyobaki iende kwenye tairi. Kifaa cha mkononi cha GPS, chenye betri za kubadilisha, kinamfaa anayepima mashamba, anayefuata mipaka ya msitu au anayeshinda mbali na umeme.

Na wakazi wa Newala na Masasi wana kazi yao. Tangu Operesheni ya Anwani za Makazi ya mwaka 2022, nyumba na mitaa vina namba na majina kwenye mfumo wa kidijitali wa anwani, NaPA, na OpenStreetMap inamruhusu yeyote kusahihisha. Kijana wa Makote au Kitangari mwenye simu janja aangalie kama zahanati ya kijijini kwao imeandikwa, kama jina ni lenyewe, na kama njia ya kufikia imechorwa. Kama sivyo, airekebishe yeye, kabla gari la wagonjwa halijaihitaji.