Kuunganisha kinanda na moduli ya sauti kwenye kompyuta: Yanayopaswa kujulikana kabla ya kurekodi

KINANDA cha umeme kimezoeleka makanisani, katika bendi za dansi na katika vikundi vya taarabu ya kisasa mijini Afrika Mashariki. Hata hivyo, si ajabu kumkuta mpigaji hodari akirekodi kwa kuweka maikrofoni mbele ya spika, njia ambayo hunasa pia mlio wa feni, honi za magari na kelele za jirani.

Njia iliyo bora zaidi ni kutumia mfumo wa MIDI, unaoziwezesha ala, kompyuta na moduli ya sauti kuelewana. Anayeufahamu mfumo huu huweza kusahihisha noti moja iliyokosewa bila kurudia wimbo mzima. Asiyeufahamu huweza kukaa siku nzima mbele ya mitambo iliyo kimya au, vibaya zaidi, kugundua baada ya miezi kadhaa kwamba wimbo alioudhani umehifadhiwa haukuwahi kuwa na sauti ndani yake.

Chimbuko la mfumo

Kabla ya mwaka 1983, ala za elektroniki za kampuni moja kwa kawaida hazikuweza kuunganishwa na za kampuni nyingine. Waliosukuma mbele wazo la kuwa na utaratibu mmoja ni Dave Smith wa kampuni ya Sequential Circuits ya Marekani na Ikutaro Kakehashi, mwanzilishi wa kampuni ya Roland ya Japani.

Januari 1983, katika maonyesho ya wafanyabiashara wa ala za muziki ya NAMM huko California, kinanda cha Prophet-600 cha Sequential Circuits kiliunganishwa na Jupiter-6 cha Roland, na kimoja kikaweza kukipigisha kingine. Mwaka 2013 waasisi hao wawili walitunukiwa tuzo ya Grammy ya upande wa ufundi. Kakehashi alifariki dunia mwaka 2017, na Smith mwaka 2022.

Toleo la pili la mfumo huo lilipitishwa mwaka 2020, lakini lile la mwaka 1983 lingali linatumika duniani kote, na kinanda cha miaka ya 1980 chenye matundu ya MIDI bado huweza kuunganishwa na kompyuta ya leo.

MIDI si sauti

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba waya wa MIDI haupitishi sauti. Unapitisha maagizo tu: noti ipi imebonyezwa, kwa nguvu kiasi gani, na imeachiwa lini. Kila noti ina namba yake kati ya 0 na 127, ambapo Do ya katikati ya kinanda ni namba 60. Nguvu ya kidole nayo hupimwa kwa kipimo kinachoishia 127.

Maagizo hayo husafiri kwa kasi ya biti 31,250 kwa sekunde, kiasi kwamba agizo la kupiga noti moja huchukua takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ndiyo maana faili la MIDI la wimbo mzima huweza kuwa na kilobaiti chache tu, ilhali dakika moja ya sauti yenye ubora wa CD huchukua takriban megabaiti 10.

Mwenye kutoa sauti ni moduli, yaani kisanduku kilichohifadhi sauti za piano, fidla, tarumbeta, ngoma na nyinginezo, lakini kisicho na vibao vya kupigia. Mfano maarufu ni Roland SC-55 iliyotoka mwaka 1991. Kinanda huagiza, kompyuta hukumbuka, moduli hutamka.

Vifaa vinavyohitajika

Mbali na kinanda, moduli na kompyuta yenye programu ya kurekodi, panahitajika kiunganishi cha MIDI kinachochomekwa kwenye tundu la USB, nyaya mbili za MIDI zenye vichwa vya pini tano, pamoja na nyaya za kawaida za kupitishia sauti. Kompyuta za zamani zilitumia tundu la pini 15 lililokuwa kwenye kadi ya sauti, lakini kompyuta za sasa hazina tundu hilo.

Ikiwa kinanda kina tundu lake la USB, kinaweza kuunganishwa moja kwa moja na kompyuta. Katika hali hiyo kiunganishi kitahitajika kwa ajili ya moduli pekee.

Hatua za kuunganisha

Kwanza, vifaa vyote vizimwe.

Pili, waya utoke kwenye tundu la MIDI Out la kinanda na kuingia MIDI In ya kiunganishi. Waya mwingine utoke MIDI Out ya kiunganishi na kuingia MIDI In ya moduli. Kanuni ni moja: kinachotoka huingia. Tahadhari inahitajika kwa viunganishi vya bei nafuu vyenye nyaya zilizoshikamana navyo, kwa kuwa baadhi huandikwa jina la tundu la ala ambamo kichwa hicho kinapaswa kuchomekwa. Endapo hakuna kinachosikika, vichwa hivyo vibadilishwe nafasi kabla ya kulaumu kifaa.

Tundu la tatu, MIDI Thru, hutoa nakala ya yale yaliyoingia kupitia MIDI In, nalo hutumika kuongeza moduli ya pili. Waya wa MIDI usizidi urefu wa meta 15.

Tatu, matundu ya kutolea sauti ya moduli, la kushoto na la kulia, yaunganishwe na tundu la laini la kadi ya sauti. Tundu la maikrofoni halifai kwa kazi hii, kwani hukuza mawimbi yaliyokwisha kuwa na nguvu na kuifanya sauti ikwaruze.

Nne, wakati wa kuwasha, kinanda na moduli vitangulie na spika ziwe za mwisho. Wakati wa kuzima, spika ziwe za kwanza. Utaratibu huu huzikinga spika dhidi ya mshtuko.

Tano, ndani ya programu, kinanda kichaguliwe kuwa chanzo cha maagizo na moduli iwe mpokeaji. MIDI ina chaneli 16, na kila ala hupewa chaneli yake. Kwa moduli zinazofuata utaratibu wa General MIDI wa mwaka 1991, ngoma huwa chaneli ya 10.

Matatizo ya mara kwa mara

Ukimya ndilo tatizo la kwanza. Mara nyingi chanzo ni kinanda kutuma kwa chaneli moja huku moduli ikisikiliza nyingine, au programu kutoruhusiwa kupitisha maagizo kwenda kwenye moduli.

La pili ni noti kusikika mara mbili. Hutokea pale kinanda chenye sauti zake chenyewe kinapolia sambamba na moduli, au kompyuta inapokirudishia kinanda maagizo kilichoyatuma. Dawa yake ni kuzima mpangilio uitwao Local Control kwenye kinanda.

La tatu ni sauti kuchelewa baada ya kidole kubonyeza. Tatizo hili huwasumbua zaidi wanaotumia sauti zilizo ndani ya kompyuta. Anayetumia moduli hulikwepa kwa kusikiliza sauti inayotoka kwenye moduli yenyewe, badala ya ile iliyozunguka kupitia kompyuta.

La nne ni mngurumo wa umeme. Kuchomeka vifaa vyote kwenye chanzo kimoja cha umeme, badala ya kuta mbili tofauti, mara nyingi huupunguza.

Hatua inayosahaulika

Wengi hukomea kwenye kurekodi maagizo ya MIDI, wakasikia wimbo ukilia vizuri na kudhani kazi imekwisha. Ukweli ni kwamba kompyuta bado haijahifadhi sauti hata moja. Moduli ikiuzwa, ikiibiwa au ikiharibika, faili hilo litafunguka lakini litalia kwa sauti nyingine kabisa.

General MIDI husaidia kwa kiasi fulani, kwa kuwa imepanga ala 128 kwa namba zinazofanana kila mahali. Namba 1 itakuwa piano popote pale, lakini haitakuwa piano ileile.

Kwa hiyo, baada ya kusahihisha noti, kila ala ipigishwe peke yake kutoka kwenye moduli na kurekodiwa kama sauti halisi katika njia yake, huku nyingine zikiwa zimenyamazishwa. Kazi hii huchukua muda, kwani wimbo wa dakika tano wenye ala nane utahitaji dakika 40 za kurekodi. Lakini mwisho wake mpigaji huwa na sauti anazoweza kuzichanganya katika studio yoyote, bila kubeba moduli.

Katika miji ambako umeme hukatika bila taarifa, ni busara kuhifadhi kazi kila baada ya dakika chache. Aidha, faili la MIDI lisifutwe baada ya sauti kupatikana. Likitunzwa pamoja na orodha ya sauti zilizotumika, mwimbaji akiomba wimbo ushushwe ufunguo mwaka mmoja baadaye, kazi hiyo itafanyika bila kumwita tena mpigaji wa kinanda.