Zahanati ya Kale ya Mizingani

Ukishuka kwenye boti katika bandari ya Malindi, Unguja, ukashika barabara ya Mizingani, hukawii kuliona: jengo refu la mawe na chokaa, roshani zake za mbao zimenakshiwa toka juu hadi chini, na vioo vyake vya rangi vinalipokea jua la baharini. Wageni wengi hulidhania kasri. Lakini hakuna mfalme aliyepata kukaa humo. Lilikusudiwa wagonjwa maskini.

Mwanzilishi wake ni Tharia Topan, Mwislamu wa jamii ya Khoja aliyezaliwa Kachi, Uhindi, mwaka 1823, akavuka bahari angali kijana mdogo. Alianzia chini katika nyumba ya biashara ya Jairam Shivji, iliyokuwa imeishika forodha ya Unguja. Siku hizo Sultani hakukusanya ushuru mwenyewe. Forodha aliikodisha kwa mfanyabiashara, akalipwa kiasi walichokubaliana kwa mwaka, na kilichozidi kikawa faida ya mkodishwaji. Mwaka 1875 Tharia alifuatana na Sultani Sayyid Barghash kwenda London. Mwaka uliofuata forodha ikawa mikononi mwake.

Utajiri wake hasa ulitokana na mikopo. Wakuu wa misafara walichukua kwake vitambaa vya marekani na kaniki, ushanga na nyaya za shaba, wakaenda bara, wakarudi kulipa kwa pembe za ndovu. Tippu Tip, mfanyabiashara mashuhuri wa pembe na watumwa, alikuwa mmoja wa wadeni wake wakubwa, na hata mvumbuzi Stanley alipopanga safari zake alimwendea yeye. Hapa pasipambwe. Pembe zile zilishuka pwani mabegani mwa watu, na misafara iliyofunga safari kwa mali ya wakopeshaji wa Unguja ilisababisha watu wengi kutekwa na kufanywa watumwa. Anayemsifu Tharia kwa ukarimu wake hana budi kulitaja na hili, kwa sababu mawe ya Mizingani yalinunuliwa kwa fedha hiyo hiyo.

Mwaka 1887, Malkia Victoria alipotimiza miaka 50 ya utawala, Tharia aliweka jiwe la msingi la hospitali. Mwaka 1890 Waingereza wakamtunuku cheo cha Sir. Mwaka uliofuata alifariki, jengo halijaisha. Lilikamilika 1894, lakini hospitali aliyoitaka haikupata kufunguliwa, na mwisho jengo likauzwa.

Mimi naona historia ya taasisi yenyewe inaanzia hapo. Mwaka 1900 jengo lilinunuliwa kwa mali ya wakfu wa mfanyabiashara mwingine, Haji Nasser Nurmohamed. Chini pakawa zahanati ya hisani, ghorofa za juu zikawa makazi. Kwa zaidi ya miaka 60 watu wa mji waliingia pale kwa homa, vidonda na watoto wanaokohoa, wakatoka na dawa. Ndiyo maana jina lililobaki midomoni mwa watu ni Zahanati ya Kale, wala si jina la tajiri yeyote.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 zahanati ilifungwa na jengo likawa mali ya serikali. Chumvi, mvua na mchwa vikafanya kazi yao. Katika miaka ya 1990 Shirika la Utamaduni la Aga Khan lililikarabati, na mafundi wa hapa hapa wakajifunza upya kuchanganya chokaa na kuchonga roshani. Ujuzi huo naupa uzito kuliko rangi iliyopakwa ukutani, maana Mji Mkongwe wa Unguja, ulioingia katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, una mamia ya nyumba zinazousubiri.

Leo jengo limekuwa kivutio cha utalii, na majina ya matajiri wawili yanafahamika. Ya madaktari, wauguzi na wachanganya dawa waliohudumu pale hayatajwi. Yatafutwe, yaandikwe ukutani kwa Kiswahili, wangali hai wazee waliotibiwa humo wakiwa watoto.