Chungu cha Ekerenyo, Kitabu cha Florence

Siku ya soko Ekerenyo, kwetu Gusii, mafungu ya chinsaga, yaani mgagani, hupangwa juu ya magunia kando ya rinagu (mnavu) na nderema, na mnunuzi haulizi namna ya kuipika. Magokoro wangu, yaani bibi yangu, huchambua majani, huyachemsha, huyatia maziwa, kisha huyaacha yalale chunguni. Kesho yake huyapasha moto na kuongeza maziwa. Siku ya tatu uchungu wa majani huwa umelainika, na hapo ndipo yeye husema mboga imeiva. Mwanamke aliyejifungua, hiyo ndiyo mboga anayopelekewa kwanza. Hakuna ukurasa popote nyumbani mwetu ulioandikwa haya.

Kule Italia, Pellegrino Artusi, mzaliwa wa Forlimpopoli aliyehamia Florence, alitoa kitabu chake cha mapishi mwaka 1891 kwa fedha zake mwenyewe. Nchi ilikuwa imeunganishwa mwaka 1861 tu, na kila mkoa ulikuwa bado na jiko lake na lugha yake. Kitabu kilianza na mapishi 475. Kufikia mwaka 1911, mwaka aliofariki, yalikuwa 790. Yaliongezeka kwa sababu wasomaji, wengi wao wanawake, walimwandikia barua wakimweleza jinsi kwao wanavyopika. Naye aliyajaribu jikoni mwake pamoja na wapishi wake, Marietta Sabatini na Francesco Ruffilli, ambao aliwaachia hata haki za kitabu hicho. Hapo ndipo ninapompenda. Alijua ujuzi ule umetoka mikononi mwa nani.

Lakini kitabu kina eneo lake. Cha Artusi kimeegemea Romagna na Toscana, na kusini mwa Italia kumeguswa kidogo tu. Nasi tukiandika kitabu kimoja cha “chakula cha Kenya”, sukuma wiki itaingia bila kubisha hodi, na chinsaga ya siku tatu itasubiri mlangoni.

Polenta, ugali wa Waitaliano, inanifikirisha zaidi. Kabla ya mahindi kufika kutoka Amerika, watu wa kaskazini mwa Italia waliisonga kwa nafaka nyingine, zikiwemo za punje ndogo, kama sisi tulivyosonga obokima, ugali wetu, kwa wimbi. Mahindi yakashinda huko, na baadaye yakashinda huku pia. Kule, wakulima maskini waliokula polenta ya mahindi karibu peke yake walipatwa na pelagra, ugonjwa wa kukosa vitamini ya niasini, ulioharibu ngozi na akili na kuua wengi. Anayeijua historia hiyo hawezi kuiona mboga iliyo kando ya ugali kuwa pambo la sahani.

Vitabu vyetu tunavyo, na vina thamani. Mwaka 1999 Patrick Maundu, Grace Ngugi na Christine Kabuye walitoa kitabu kuhusu mimea ya chakula ya jadi ya Kenya, kupitia Makumbusho ya Taifa. Mwaka 2021 UNESCO iliitambua kazi ya Kenya ya kulinda vyakula vya jadi kuwa mfano wa kuigwa. Kitabu cha mimea hukuonyesha jani, hukutajia majina yake na matumizi yake. Kwangu mimi kinachobaki ni mkono: kujua lini moto upunguzwe, na chungu kinanukaje kabla maziwa hayajakolea. Artusi alitaja gramu, na gramu zilimfaa mtu wa Milano aliyetaka kupika chakula cha Bologna asichowahi kukionja. Kijana wa Ekerenyo anayeishi Nairobi, mwenye sufuria na jiko la gesi, anahitaji msaada uo huo.

Kwa hiyo nilikwenda kwa magokoro na daftari na kikombe. Nilipomuuliza maziwa kiasi gani, alisema, “Mpaka majani yanyamaze, mwanangu.” Sikutaka kuliacha neno hilo lipotee kwenye vipimo, wala sikutaka kukosa vipimo. Siku ile tulimimina vikombe viwili. Wiki mbili baadaye mvua ilikuwa imenyesha, majani yalikuwa machanga, akanizuia baada ya kikombe kimoja. Nimeviandika vipimo vyote viwili kwenye ukurasa mmoja, na mvua nimeiandika pia.