Kaunti Kumi na Nane na Mwezi Mmoja wa Agosti

Mwaka 1919, kriketi ya kaunti ilipoanza tena nchini Uingereza baada ya Vita Kuu ya Kwanza, wasimamizi wake walipunguza mechi za Ubingwa wa Kaunti kutoka siku tatu hadi siku mbili. Walihofu kwamba watu waliotoka vitani hawangekuwa na subira ya kukaa uwanjani siku tatu kungoja matokeo. Saa za kucheza zikasogezwa hadi jioni kabisa, wachezaji wakachoka, sare zikawa nyingi, na mwaka uliofuata siku tatu zikarudishwa kimyakimya. Jaribio lile limesahaulika, nalo ni hasara kusahaulika, maana mabishano yanayoendelea sasa kuhusu kaunti hizi hujengwa juu ya dhana kwamba zamani palikuwa na mchezo uliotulia, ukaja kuvurugwa na televisheni na fedha. Hapajawahi kuwa na utulivu huo. Tangu Ubingwa ulipopewa sura rasmi mwaka 1890 kwa kaunti nane, Surrey wakawa mabingwa wa kwanza, kila kizazi kimekuta mashindano haya yana upungufu wa fedha au wa watazamaji, au wa vyote viwili, na kila kizazi kimeyakatakata na kuyaunga upya.

Kwa hiyo anayetaka kutetea kaunti asijifiche nyuma ya mila. Mechi za siku nne, ambazo leo hulindwa kama urithi wa mababu, zilianza kuingizwa mwaka 1988 na zikawa za kila mechi mwaka 1993 tu. Madaraja mawili, yenye kupanda na kushuka, ni ya mwaka 2000. Lakini katika mabadiliko yote hayo kuna jambo moja ambalo halikuguswa kwa zaidi ya karne nzima: shindano lolote jipya lilipoanzishwa, kila kaunti iliingia. Kubwa au ndogo, tajiri au yenye madeni, ilipata timu katika shindano hilo na fungu lake katika mapato. Hilo ndilo lililovunjwa mwaka 2021, na kwa maoni yangu ni zito kuliko swali linalopigiwa kura kila mara, la iwapo mechi za Ubingwa ziwe 14, 12 au 10.

Turudi kwanza kwenye miaka ya 1960, maana ndiko yalikotoka mengi. Baada ya Vita Kuu ya Pili viwanja vilifurika. Msimu wa 1947 watu zaidi ya milioni 2 walilipa kiingilio kutazama Ubingwa. Kisha wakaanza kupungua, na ilipofika katikati ya miaka ya 1960 waliobaki hawakufika hata nusu ya hao. Magari, televisheni na wikendi zenye mambo mengi viliwachukua, na mchezo wenyewe ulikuwa umepooza. Mwaka 1962 ukafutwa ubaguzi wa kale kati ya wachezaji wa ridhaa na wa kulipwa, na mwaka 1963 likaja Kombe la Gillette, lililodhaminiwa na kampuni ya nyembe: kila timu ova 65, mshindi apatikane siku ileile. Ted Dexter, nahodha wa Sussex, alikuwa miongoni mwa wachache waliotambua mapema kwamba huu ni mchezo mwingine. Aliwatawanya wadakaji wake hadi mpakani ili kubana mikimbio badala ya kuwinda wiketi. Wazee walinung'unika kwamba hiyo si kriketi. Sussex wakachukua kombe la kwanza pale Lord's, uwanja ukiwa umejaa.

Mlango ukishafunguliwa haufungiki. Mwaka 1968 kaunti ziliruhusiwa kusajili nyota wa ng'ambo bila kuwasubirisha miaka, na Garry Sobers alipotua Nottinghamshire alimaliza msimu huohuo kwa kupiga sita mara sita katika ova moja dhidi ya Glamorgan kule Swansea. Mwaka 1969 ikaja Ligi ya Jumapili, ova 40 mchana mmoja, ikiwa na fedha za kampuni ya sigara na kamera za BBC. Hata urefu wa mbio za mrushaji uliwekewa mpaka ili muda usipotee. Mwaka 1972 likaongezwa Kombe la Benson & Hedges, sigara tena, ova 55. Mtu aliyecheza kaunti wakati huo aliweza ndani ya wiki moja kuanza mechi ya siku tatu Jumamosi, kuisimamisha Jumapili ili acheze ova 40 dhidi ya timu nyingine, kisha kurejea Jumatatu kuendelea na ile ya kwanza. Wanaosema kalenda ya leo ni ya kichaa hawajaisoma ile ya mwaka 1975. Na kanuni zilitungwa kwa haraka kiasi kwamba mwaka 1979 Brian Rose, nahodha wa Somerset, alifunga zamu ya timu yake dhidi ya Worcestershire katika Kombe la Benson & Hedges baada ya ova moja, mkimbio mmoja tu ukiwa ubaoni, kwa kuwa hesabu za kundi zilionyesha kwamba kushindwa namna hiyo kungewavusha. Kanuni hazikumkataza. Somerset walifukuzwa katika shindano hilo hata hivyo, na kabla mwaka haujaisha wakawa wameshinda mengine mawili.

Mvurugo huo wote ulizaa. Kombe la Dunia la kwanza, lililochezwa Uingereza mwaka 1975, lilitumia ova 60 kwa sababu huo ndio urefu ambao Kombe la Gillette lilikuwa limeushika tangu msimu wake wa pili. Ndilo kombe ambalo timu ya Afrika Mashariki, iliyokusanywa kutoka Kenya, Uganda, Tanzania na Zambia, ilishiriki na kupoteza mechi zake tatu. Mmoja wa warushaji wake, Don Pringle, alikuwa na mtoto aliyezaliwa Nairobi, Derek, ambaye baadaye aliichezea Essex na timu ya taifa ya England. Lakini mzao wa maana zaidi kwa hoja hii ni wa kifedha. Nyembe na sigara zililipia siku tatu za Ubingwa ambazo hazikuwa na uwezo wa kujilipia. Kaunti zote 17 za wakati huo zilikula sahani moja.

Hadithi ya Twenty20 haina tofauti kubwa. Sheria dhidi ya matangazo ya sigara zililiua Kombe la Benson & Hedges baada ya msimu wa 2002, na pengo likabaki kwenye kalenda. Stuart Robertson, meneja wa masoko wa Bodi ya Kriketi ya Uingereza na Wales, akaja na pendekezo la ova 20 kila upande, kuanzia saa kumi na moja na nusu jioni, watu wakitoka kazini. Wenyeviti wa kaunti walilipitisha kwa kura 11 dhidi ya 7. Juni 2003 likaanza, na mwaka uliofuata Middlesex na Surrey waliwavuta watu zaidi ya 27,000 pale Lord's. Miaka minne baada ya shindano hilo kuanza ulimwengu ulikuwa na Kombe la Dunia la Twenty20, na mwaka wa tano India ikazindua ligi yake, IPL, ambayo ndiyo iliyovuna. Waingereza walibuni, wengine wakatajirika. Kidonda hicho, nadhani, ndicho kilichowasukuma viongozi wa bodi kutafuta kitu kingine cha kubuni.

Walichokipata ni The Hundred: mipira 100 kwa kila timu, na timu nane mpya zisizobeba majina ya kaunti, zilizowekwa katika miji mikubwa. Lilianza Julai 2021 kwa mechi ya wanawake kwenye uwanja wa The Oval, na kwa upande wa wanawake, lazima isemwe wazi, lilifanya kwa misimu michache kazi ambayo kaunti ziliiahirisha kwa miongo. Mipira 100 yenyewe hainisumbui. Ni Twenty20 iliyopunguzwa kidogo. Tofauti iko katika idadi ya viti. Kati ya kaunti 18, saba tu ndizo wenyeji wa timu, na ya nane iko kwa klabu ya MCC, wenye Lord's. Kaunti 11 hazina timu kabisa. Mwaka 2025 bodi ikauza asilimia 49 ya kila timu, huku wenyeji wakikabidhiwa asilimia 51 wauze au wabaki nazo. Wamiliki wa timu za IPL walikuwa mstari wa mbele kununua. Yorkshire waliuza zote, na timu ya Leeds sasa inabeba jina la Sunrisers, kama ile ya Hyderabad.

Mwenye kisu kikali ndiye mla nyama, na nyama hapa ni Agosti. Ndio mwezi wenye jua, likizo za shule na viwanja vikavu, nao umekabidhiwa The Hundred. Ubingwa umesukumwa pembeni, sehemu kubwa yake ikichezwa Aprili, Mei na Septemba, hewa ikiwa na unyevu na mpira ukiyumba wenyewe. Darren Stevens wa Kent alivuna wiketi kwa mipira ya mwendo wa wastani hadi alipopita miaka 45. Alikuwa mchezaji wa kupendeza, lakini rekodi yake pia ni ushahidi wa hali ya viwanja. Warushaji wa mzunguko, wanaohitaji ardhi iliyochakaa kwa jua, hukaa wakingoja. Kombe la ova 50 limefanywa pacha dhaifu wa The Hundred: huchezwa wakati uleule, wachezaji bora wakiwa kwingine. England waliotwaa Kombe la Dunia mwaka 2019 walimaliza wa saba kati ya timu kumi mwaka 2023. Sababu zilikuwa nyingi, umri ukiwamo, ila ni vigumu kulaumu chipukizi kwa kutoujua mchezo ambao nchi yao imeacha kuwachezesha.

Hoja nzito dhidi yangu ni ya fedha. Mauzo yale yaliingiza zaidi ya pauni milioni 500, na kaunti zote zimepata mgawo, hata zile 11. Baadhi zilikuwa zikipumulia madeni, na bila mgawo huo huenda moja au mbili zingefunga milango. Sikatai. Lakini udhamini wa Gillette na mapato ya Twenty20 yalikuja kila msimu, kwa sababu kaunti zilikuwa na shindano lenyewe mkononi. Mali iliyouzwa huuzwa mara moja. Klabu iliyolipa madeni yake kwa fungu hilo mwaka huu, kisha ikakosa mechi za Agosti mwaka hadi mwaka, itakuwa na hesabu safi na kiwanja kisicho na mapato.

Wengine husema tatizo ni wingi: kaunti 18 ni nyingi mno kwa nchi moja, vipaji vinatawanyika. Hoja hii ni ya kale. Tume ya William Findlay ilipendekeza mwaka 1937 kwamba kaunti 17 zipunguzwe hadi 15. Ikiwa wakati huo pangechaguliwa wa kuondolewa, Northamptonshire wangekuwa wa kwanza: kuanzia Mei 1935 hadi Mei 1939 walicheza mechi 99 za Ubingwa bila kushinda hata moja. Wakaachwa. Miongo iliyofuata ikawatoa Colin Milburn, David Steele, Monty Panesar na Ben Duckett. Durham walikaribishwa mwaka 1992 kama kaunti ya 18, wakibezwa, na kutoka kwao wakatoka Steve Harmison, Paul Collingwood, Mark Wood na Ben Stokes. Mtoto mwenye kipaji hazaliwi penye uwanja wa kimataifa. Hupatikana pale penye kocha wa kumwona, na kaunti ndogo ndizo zilizosambaza makocha hao.

Inabaki hoja ya wachezaji, ambayo naiona ya haki. Andrew Strauss, nahodha wa zamani wa England, baada ya England kuchapwa 4-0 Australia msimu wa 2021-22, alipendekeza mechi za Ubingwa zishuke kutoka 14 hadi 10, na daraja la juu liwe na timu sita. Kaunti zilimkatalia, kama zilivyoikatalia ripoti ya David Clark katika miaka ya 1960. Mwaka 2025 suala likarudi, safari hii chama cha wachezaji kikisukuma idadi iwe 12 kwa sababu ya majeraha na safari za usiku, na kura 12 zilizohitajika kati ya 18 hazikupatikana. Mechi 14 zikabaki, na shindano la Twenty20 la kaunti ndilo lililopunguzwa, kutoka mechi 14 za makundi hadi 12 kuanzia 2026. Kwa hiyo kaunti zilikata kwenye shindano linalojaza viwanja vyao, zikalinda lile lisilojaza, na Agosti haikuguswa hata kidogo. Wanachama, ambao bado ndio wenye klabu 15 kati ya 18, walihesabu hilo kuwa ushindi. Mimi ningewashauri wazikubali mechi 12 kwa bei: raundi mbili za Ubingwa zirudishwe katikati ya Agosti, na wachezaji wa The Hundred waachiwe kuzicheza.

Bei hiyo haiwezi kudaiwa siku yoyote. Mkataba wa haki za televisheni na kampuni ya Sky unakwisha mwaka 2028, na mrithi wake utaandikwa wakati wamiliki wapya wameshakaa mezani pamoja na bodi. Wao wamelipa mamilioni kwa ajili ya Agosti na watataka siku zaidi. Kaunti 11 zisizo na timu zina kitu kimoja cha kuweka mezani, nacho ni kura: kwa hesabu ya thuluthi mbili, saba tu kati yao zinatosha kukwamisha mabadiliko ya mashindano yao wenyewe. Hadi sasa kura hizo zimetumika kuhesabu mechi za Aprili.